Natumia dawa ya sonona na mwili hauitiki tena: je, umesahau?

"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 34, nimeolewa na nina watoto wawili. Mwaka jana niliugua sonona, nikaanzishiwa sertraline miligramu 50, kisha ikapandishwa hadi 100. Namshukuru Mungu nimepata nafuu: nalala, nakula, kazini naelewana na watu. Shida iko chumbani. Zamani mume wangu akinishika tu nyuma ya shingo, au nikisikia harufu ya sabuni yake akitoka kuoga, mwili ulikuwa unaitika wenyewe kabla hata sijawaza lolote. Sasa hivi kimya. Mkono nausikia, harufu naijua, lakini hakuna kinachofuata. Kufika kileleni ndiyo nimesahau kabisa. Nakubali tu ili mwenzangu asijisikie vibaya. Rafiki yangu mmoja anasema dawa hizi huua hisia moja kwa moja, niziache leo leo. Mwingine anasema ukweli ni kwamba simpendi tena mume wangu. Je, dawa imefuta yale ambayo mwili wangu ulikuwa umejifunza? Na nikiendelea hivi, mwili si utazoea kutohisi kitu hata siku nitakapoacha dawa?"

Dada yangu, pole, na hongera kwa kutoka kwenye sonona, maana si safari ndogo. Umeuliza mambo kadhaa kwa mpigo na la mwisho ndilo zito kuliko yote, ingawa wagonjwa wachache huliuliza. Jibu fupi ni hili: sertraline kwa kawaida haifuti kile ambacho mwili umejifunza. Inaudhoofisha mwitikio wenyewe na inapunguza raha inayoufuata. Lakini mwili hauachi kujifunza kwa sababu tu unameza vidonge, na katika barua yako yote maneno yaliyonitia wasiwasi ni hayo mawili, "nakubali tu". Nitayarudia.

Kwanza tumalize habari ya mapenzi, kwa sababu ndiyo inayouma. Dawa za kundi la sertraline (fluoxetine, paroxetine, citalopram na escitalopram ni ndugu zake) hupunguza mwitikio wa mwanamke anayempenda mumewe na wa yule asiyempenda vilevile. Hupunguza hata raha ya mwanamke akiwa peke yake. Ukijigusa mwenyewe, bila mume, bila presha ya mtu yeyote, na bado ukakuta kinembe kina ganzi na kilele hakifikiki, basi hilo halina uhusiano na moyo wako kwa mume wako. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kwa wanawake kile kinachotokea ukeni na kile kinachohisiwa kichwani mara nyingi haviendi pamoja. Damu inaweza kuongezeka sehemu za siri bila mwenyewe kutamani chochote, na mwingine akatamani sana huku uke ukiwa mkavu. Kwa hiyo unyevu si kipimo cha mapenzi, wala ukavu si ushahidi wa kuyakosa. Rafiki yako wa pili amekuhukumu kwa kipimo kibovu.

Sonona nayo, bila dawa yoyote, huua hamu. Ndiyo maana daktari makini atakuuliza mambo yalianza lini. Mwanamke ambaye hamu ilipotea pamoja na usingizi na furaha, kabla ya kidonge cha kwanza, huenda anahitaji tiba zaidi ya sonona. Wewe umesema kila kitu kimerudi isipokuwa hiki. Kama pia kilibadilika ndani ya wiki za mwanzo za dawa, au dozi ilipopandishwa kwenda 100, mshukiwa wangu wa kwanza ni dawa.

Sasa tuje kwenye kujifunza. Hakuna aliyezaliwa akijua kwamba harufu ya sabuni fulani ina maana yoyote. Ulijifunza. Harufu ilitangulia, raha ikafuata, ikatokea hivyo mara nyingi, mpaka ubongo ukaanza kujiandaa kwa raha mara tu pua inaponusa. Ni kanuni ile ile ambayo mwanafiziolojia wa Urusi Ivan Pavlov aliionyesha kwa mbwa na mate, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa wanawake imepimwa maabara: mshiriki anaonyeshwa picha fulani na papo hapo anapata mtetemo kwenye kinembe, huku kifaa kidogo kilichowekwa ukeni kikipima mtiririko wa damu. Baada ya kurudia mara kadhaa, picha yenyewe bila mtetemo huanza kuleta ongezeko dogo la damu. Na kinyume chake pia kipo: kichocheo kikiambatanishwa na maumivu, huanza kuamsha hisia mbaya.

Kuna utafiti wa panya ambao mimi huupenda kuliko huo wa maabara za binadamu, kwa sababu unagusa moja kwa moja maisha ya wanawake ninaowaona. Panya jike huwekwa kwenye tundu lenye kizuizi chenye matundu madogo. Yeye anapenya, dume hawezi kwa kuwa ni mkubwa. Hivyo jike ndiye anayeamua aende lini kwa dume, akae muda gani, arudi lini upande wake. Jike aliyepandwa kwa mwendo wake mwenyewe huanza kupenda mahali pale, na hata kumpendelea dume mwenye harufu iliyokuwepo siku hiyo. Jike ambaye hana pa kukimbilia, anayepandwa kila dume anapotaka, hajengi upendeleo huo. Kujamiiana kumefanyika pande zote mbili, lakini kilichojifunzwa ni tofauti. Na yule wa kwanza akipewa naloxone, dawa inayozuia afyuni ya asili ambayo ubongo hujitengenezea, upendeleo haujengeki hata akiwa na uhuru wote. Maana yake kinachofundisha mwili ni raha. Tendo peke yake halitoshi.

Kwa hiyo mafunzo haya yana sehemu mbili ndani ya ubongo. Ya kwanza ni dopamini, kemikali inayosukuma kutamani na inayoweka alama kwamba "hiki kinaelekea kwenye kitu kizuri". Ya pili ni hiyo afyuni ya asili, inayoipa raha yenyewe uzito wake. Sertraline inaingilia vipi? Seli za neva hupeana taarifa kwa kumwagiana kemikali. Dawa hii huzuia serotonini, moja ya kemikali hizo, isifyonzwe haraka kurudi kwenye seli iliyoitoa, hivyo inabaki nyingi zaidi kwenye upenyo kati ya seli. Kwa wasiwasi na huzuni hilo ni jema. Lakini serotonini, kupitia baadhi ya vipokezi vyake (sehemu za seli zinazopokea ujumbe wake), huikandamiza dopamini, hupandisha kizingiti cha kufika kileleni na huweza kupunguza usikivu wa ngozi ya sehemu za siri. Mkono wa mume wako bado unafika shingoni, shingo bado inaupeleka ujumbe, na ubongo bado unaujua. Kinachokosekana ni msukumo wa kwenda hatua inayofuata, na hata ukienda, malipo ni hafifu.

Si dawa za sonona peke yake. Dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol na risperidone huziba vipokezi vya dopamini moja kwa moja na hupandisha homoni ya prolaktini, hivyo mwanamke anaweza kupoteza hamu, kukosa hedhi, hata kutoa maziwa bila kunyonyesha. Upande wa pili, dawa zinazoiga dopamini kama pramipexole, wanazopewa wagonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili) na wale wenye miguu isiyotulia usiku, zimewahi kuwaletea baadhi ya watu hamu isiyozuilika, pamoja na kamari na ununuzi wa ovyo. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini zikitumika muda mrefu hushusha homoni za uzazi. Vidonge vya uzazi wa mpango hupunguza testosteroni iliyo huru kwenye damu, ila wanawake wengi wanaovimeza hawaoni badiliko lolote la hamu. Navitaja kwa sababu wagonjwa huvilaumu mapema mno, wakati mwingine wakaviacha na kuishia na mimba wasiyoitaka.

Turudi kwenye swali lako zito: je, mwili utazoea kutohisi? Ishara ikirudiwa mara nyingi bila raha kufuata, mwitikio hufifia. Hilo ni kweli, na kwa hiyo hofu yako ina msingi. Lakini kufifia si kufutika. Tafiti za kujifunza, kwa wanyama na kwa watu, zimeonyesha mara kwa mara kwamba fundisho la zamani hubaki chini, na juu yake huwekwa jipya linalosema "siku hizi hakuna kitu". Fundisho hili jipya limefungwa zaidi na mazingira yake. Mahali pakibadilika, au ukipita muda, la zamani huchomoza tena. Pia kuna hoja kwamba hali ya kuwa na dawa mwilini ni mazingira yenyewe: kwa wanyama, jambo lililojifunzwa chini ya dawa fulani mara nyingi hujitokeza vizuri zaidi chini ya dawa hiyo hiyo. Siwezi kukuahidi kwamba kwako itakuwa hivyo, ila ni sababu nzuri ya kutoamini kwamba miezi ya ukimya inaharibu kila kitu.

Ninachokiogopa zaidi ni aina nyingine ya fundisho. Umekuwa ukikubali tendo bila hamu na, nadhani, bila unyevu wa kutosha. Uke mkavu ukiingiliwa unachubuka. Maumivu yakirudi mara mbili tatu, misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayouzunguka uke, huanza kujikaza yenyewe kabla hata ya kuguswa, na kukaza huko kunaongeza maumivu. Hapo mkono shingoni, uliokuwa ishara ya raha, unageuka kuwa ishara ya wajibu na ya kuumia. Fundisho la kujihami hushika haraka na hubanduka polepole, na halihitaji dawa ili liendelee. Nimeona wanawake waliobadilishiwa dawa, ganzi ikaisha, lakini mwili ukawa umeshajifunza kukwepa. Dawa iliondoka, hofu ikabaki na makazi yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba halina kidonge. Sitisha kwa muda tendo lolote unalolivumilia tu. Simaanishi msigusane. Mwambie mumeo wazi, mchana, mkiwa mmevaa nguo zenu na hakuna anayetaka kitu: "Dawa inanipunguzia hisia. Nakutaka, ila mwili wangu unachelewa, na nikijilazimisha naogopa utajifunza kukuchukia." Mume anayesikia hivyo huumia kidogo kuliko anayebaki kukisia gizani. Kisha mwombe jambo moja mahususi: asitumie tena mkono wa shingoni kama hodi ya tendo. Akushike shingo wakati ambao nyote mnajua hakuna kitakachofuata, mkiwa mmekaa mnazungumza, na auondoe wewe ukiwa bado unaufurahia. Tunailinda ishara hiyo isichakae, mpaka raha itakaporudi kuilipa.

Baada ya hapo kuna zoezi la kupapasana kwa zamu bila kuingiliana na bila kulenga kilele, ambalo Wamarekani Masters na Johnson walilieneza kuanzia mwaka 1970. Bado halijapitwa. Wewe ndiye unayeongoza mwendo: wapi, kwa nguvu gani, kwa muda gani, na lini inatosha. Kwa kuwa dawa imepandisha kizingiti, mguso uliokuwa unatosha zamani sasa hautoshi. Kinembe kitahitaji muda mrefu zaidi na msisimko wa moja kwa moja zaidi, na kifaa cha mtetemo si aibu wala si ushindani na mume. Kilainishi chenye asili ya maji kiwe karibu kila mara. Kama unanyonyesha au umekaribia kukoma hedhi, ukavu unaweza kuwa wa homoni, na hapo kuna estrojeni ya kupaka ukeni, ambayo daktari ataamua kama inakufaa.

Kuhusu dawa yenyewe, tafadhali usiiache leo leo. Kuikata ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu, hasira, usingizi wa ovyo na zile shoti kama za umeme kichwani, na mbaya zaidi, sonona inaweza kurudi wakati ndiyo kwanza umesimama. Je, ni kweli kwamba huua hisia moja kwa moja? Kwa wengi mwitikio hurejea ndani ya wiki au miezi baada ya dozi kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Zipo hata hivyo taarifa za watu waliobaki na ganzi au kukosa hamu baada ya kuacha, na mwaka 2019 kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya ilitaka onyo hilo liandikwe kwenye maelezo ya dawa hizi. Siwezi kulificha, na daktari anayemcheka mgonjwa anayelieleza anakosea. Lakini si sababu ya kukurupuka. Ni sababu ya kulizungumza mapema badala ya kulivumilia miaka.

Zipo njia kadhaa za kuzungumza na daktari wako. Kungoja ni mojawapo, maana baadhi ya watu mwili huzoea, ingawa kwa aliyefikisha miezi mingi bila badiliko mimi singeitegemea sana. Kushusha dozi kurudi 75 au 50 ni ya pili na ndiyo ningeianza nayo kwako, kama umekuwa na nafuu imara kwa muda wa kutosha, kwa sababu madhara haya mara nyingi hufuata dozi. Ya tatu ni kubadilisha. Bupropion haipandishi serotonini na huathiri mambo ya chumbani kwa kiasi kidogo kuliko sertraline. Wakati mwingine huongezwa juu ya sertraline badala ya kuichukua nafasi, lakini haifai kwa mwenye kifafa au historia ya kujinyima chakula na kujitapisha, na haitulizi sana wasiwasi. Mirtazapine nayo ni nafuu upande huu, ila huleta usingizi na uzito. Vortioxetine ni chaguo jingine pale inapopatikana. Paroxetine nisingeikaribia, maana katika familia hii ndiyo yenye sifa mbaya zaidi chumbani. Kuna waliojaribu kuruka dozi za mwisho wa wiki. Kwa sertraline hisia huweza kurudi kidogo, lakini unajifundisha kuruka dawa na unajipitishia dalili za kuacha kila wiki. Siipendekezi.

Rafiki zako huenda watakutajia "vidonge vya hamu". Flibanserin iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 na sindano ya bremelanotide mwaka 2019, kwa wanawake ambao hawajakoma hedhi na ambao hamu imepungua bila dawa nyingine kuwa chanzo. Kwa hiyo wewe si mlengwa. Na hata kwa walengwa faida ni ndogo. Flibanserin ikichanganywa na pombe inaweza kushusha presha mpaka mtu akazimia, na bremelanotide huwatia wengi kichefuchefu. Sildenafil, ile ya wanaume, imejaribiwa kwa wanawake wanaotumia dawa za sonona, na iliwasaidia baadhi kufika kileleni. Inaongeza damu, haiongezi kutamani, na ni ya daktari kuamua.

Kuna pia wanaouliza kama iko dawa ya kufuta fundisho baya, kwa mfano hofu ya maumivu. Cycloserine, antibiotiki ya zamani ya kifua kikuu, imechunguzwa kama msaidizi wa kujifunza upya, hata katika mwitikio wa kimapenzi. Bado ni suala la watafiti. Na hata huko, dawa hutolewa pamoja na zoezi, kwa sababu kidonge peke yake hakina cha kufundisha.

Usingoje miadi ya kawaida kama unapata mawazo ya kujidhuru, au ukiona umepata nguvu za ajabu, hulali, na hamu imepanda ghafla kupita kiasi. Muone daktari wa wanawake mapema kama unaumia wakati wa tendo, unatoka damu baada yake, hedhi imekatika au matiti yanatoa maziwa. Misuli ikishaanza kujikaza, tafuta mtaalamu wa tiba ya viungo anayeshughulikia sakafu ya nyonga, kwani hiyo hutibika vizuri kwa mazoezi ya hatua kwa hatua. Na kama kukataa kwako nyumbani kunaleta vitisho au nguvu, hilo si suala la dawa tena. Mwambie mhudumu wa afya ukiwa naye peke yako.

Kwa kliniki, andika kwenye karatasi tarehe uliyoanza dawa, tarehe dozi ilipopanda, na kitu gani kilibadilika lini: hamu, unyevu, ganzi, kilele, kila kimoja peke yake, maana tiba zake hazifanani. Orodhesha dawa zote, pamoja na za uzazi wa mpango, za presha na za mafua. Omba upimwe tezi ya shingo, wingi wa damu na sukari. Daktari asipouliza habari za chumbani, na wengi hawaulizi, anza wewe: "Dawa imenisaidia sana, sitaki sonona irudi, lakini imeniondolea hisia za tendo. Naomba tuangalie dozi." Ukisema hivyo atajua kwamba hukuja kukataa tiba, na mazungumzo yataanzia hapo.